Chokoleti yangu inateleza kwenye gato: niongeze nini ili iwe nzito?

«Mimi ni mama wa Majengo, hapa Goma. Natengeneza gato, yaani keki, za arusi, za komunyo na za sikukuu ya kuzaliwa. Siku hizi wateja wanaomba gato iliyofunikwa shokola vizuri, kama wanavyoona kwenye simu. Nayeyusha shokola ya tablet juu ya babula (jiko la makaa), lakini nikiimwaga inateleza yote mpaka kwenye sahani, gato inabaki uchi. Nimejaribu kutia maizena (wanga wa mahindi), ikawa na ladha ya unga mbichi. Nikatia kijiko kimoja cha maziwa, ikashikana ikawa donge kama udongo, nikatupa tablet nne. Jirani akaniambia nitie majarini, ikazidi kuwa nyepesi. Nataka pia kuanza kuuza bonbon ndogondogo, ila naogopa hasara. Naomba uniambie: ni nini hasa kinaongezwa kwenye shokola iliyoyeyuka ili iwe nzito?»

Mama mpendwa, tablet nne ni hasara ya kweli, na nimekuhurumia. Yaliyokupata nayaona kila mwaka kwa vijana wanaokuja kujifunza patiseri, na wengi wao huanza na swali hilohilo: niongeze nini? Nitakupa majibu, tena zaidi ya moja, kwa kuwa shokola ya kufunika gato na shokola ya bonbon hazifanywi nzito kwa njia moja. Lakini kwanza nivumilie nikueleze kilichokuwa kikitokea ndani ya bakuli lako. Ukishakiona, hutahitaji kukariri kipimo cha mtu.

Chokoleti iliyoyeyuka ni mafuta. Inaonekana kama uji na inamwagika kama sosi, lakini maji ndani yake karibu hayamo kabisa, hata asilimia 1 haifiki. Ni siagi ya kakao iliyoyeyuka, na ndani ya mafuta hayo zinaelea chembe kavu za sukari, za kakao, na za maziwa ya unga kama ni shokola ya maziwa. Chembe hizo zimesagwa zikawa ndogo sana, karibu maikroni 20 kila moja, ndiyo maana ulimi hauzisikii. Kila chembe imepakwa mafuta pande zote, basi zinateleza zenyewe kwa zenyewe, na shokola inatiririka.

Sasa ulipotia kijiko kimoja cha maziwa, ulitia maji. Sukari inapenda maji kuliko inavyopenda mafuta. Kila tone lilikwenda kwenye chembe za sukari zilizo karibu, likalowesha nyuso zao, zikawa na utomvu wa kunata, zikaanza kushikana na jirani zao. Fikiria unga wa bugali. Ukinyunyiza maji kidogo juu ya unga mkavu, unapata madonge. Ukitia maji ya kutosha, unapata uji laini. Unga ni uleule, maji ni yaleyale, kilichobadilika ni kiasi tu. Shokola yako iliishia kwenye hatua ya madonge kwa sababu kijiko kimoja kwa tablet nne kilitosha kuzigandisha chembe, ila hakikutosha kuzifanya ziogelee.

Kwa hiyo dawa ya donge lile ilikuwa kuongeza maziwa, si kuyaogopa. Najua linasikika kama kumwagia moto mafuta, lakini jaribu nyumbani kwa kipande kidogo ili macho yako yaamini. Yeyusha vipande vitatu vya tablet kwenye kikombe. Dondosha matone machache ya maji, koroga: inakuwa kavu, inang'ang'ania kijiko, mng'ao unapotea. Sasa tia kijiko kikubwa cha maji ya moto, koroga kwa utulivu kuanzia katikati. Mwanzoni itaonekana imeharibika zaidi, halafu ghafla italegea, itang'aa, itakuwa sosi laini. Kipimo ninachokishika ni hiki: kila gramu 60 za chokoleti zinahitaji angalau kijiko kikubwa kimoja cha maji au maziwa, yaani mililita 15. Shokola nyeusi yenye kakao nyingi inataka zaidi kidogo. Tablet zako nne, kama zilikuwa za gramu 100, zilihitaji vijiko saba hivi. Zisingerudi kuwa shokola ya bonbon, lakini zingekuwa sosi nzuri kabisa ya kufunika gato. Safari nyingine usitupe.

Maizena nayo uliionea tu bila kosa lake. Wanga hufanya kitu kuwa kizito kwa kunywa maji na kuvimba, na kwa hilo inahitaji vitu viwili: maji, na moto unaopita nyuzi 62 hadi 70 hivi. Shokola iliyoyeyuka haina maji, na haitakiwi kufika moto huo. Maizena ikabaki unga mbichi unaoelea ndani ya mafuta, na ulimi wako ukakuambia ukweli. Unga wa ngano ungekuwa vilevile, tena unga mbichi wa ngano si salama kuliwa bila kupikwa.

Majarini ya jirani, kwa upande wake, ni mafuta juu ya mafuta. Ukiongeza mafuta, chembe zinapata nafasi zaidi ya kuteleza, na shokola inakuwa nyepesi. Mafuta ya kupikia hufanya hivyohivyo. Yana kazi yake, kwa mfano ukitaka shokola nyembamba ya kuchovyea biskuti, lakini unzito hayaleti. Na majarini nyingi zinazouzwa hapa zina maji na chumvi pia, kwa hiyo unajitafutia mashaka mawili kwa pamoja.

Kabla sijafika kwenye gato, niseme habari ya babula, kwa sababu nashuku ndiyo ilianza kukuponza. Makaa yana moto mkali na hayana kitufe cha kupunguza. Shokola nyeusi haitaki kupita nyuzi 50 hadi 55, na ya maziwa au nyeupe isivuke 45. Ikizidi hapo, protini za maziwa zinashikana, moto ukizidi sana inaanza kuungua, na shokola inakuwa nzito kwa njia mbaya: chembechembe, kavu, na harufu ya kuungua. Hiyo haiponi kwa maziwa wala kwa chochote.

Yeyusha hivi. Chemsha maji kidogo kwenye sufuria, vidole viwili tu kutoka chini. Yakichemka, ishushe sufuria kutoka kwenye babula, uiweke mezani. Kata shokola vipande vidogo kama punje za mahindi, tia kwenye bakuli kavu kabisa, uliweke bakuli juu ya sufuria bila sehemu yake ya chini kugusa maji. Subiri dakika tano bila kukoroga, kisha koroga. Hapa Goma tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, na yakishushwa motoni yanapoa taratibu. Joto hilo linatosha kuyeyusha gramu 400. Kama halikutosha, rudisha sufuria motoni dakika moja, bakuli likiwa pembeni.

Na usifunike! Nilipokuwa najifunza kazi hii Bukavu, nilifunika bakuli la shokola ili lisipoe wakati natafuta mizani. Nilipofunua, mvuke uliokuwa umekusanyika kwenye mfuniko ulidondoka ndani, matone labda sita. Kilo tatu za shokola zilishikana mbele ya macho yangu. Mwalimu wangu hakunigombeza. Alinionyesha mfuniko uliolowa, akanipa kitambaa kikavu, na tangu siku ile hata mwiko naufuta kwanza kabla haujagusa bakuli. Futa kila kitu: kisu, kijiko, sehemu ya chini ya bakuli unapolinyanyua kutoka kwenye mvuke.

Jingine la babula ambalo halihusu ladha: msimu wa mvua wengi wanaiingiza ndani na kufunga mlango. Moshi wa makaa una hewa ya sumu isiyo na harufu, na imeshaua watu usingizini. Acha dirisha wazi, hata kama ni baridi.

Sasa gato yako. Unachokitafuta wapishi wanakiita ganashi: chokoleti na krimu, yaani mafuta na maji yaliyofundishwa kukaa pamoja. Hapo ndipo unzito unapopatikana, na unaupanga wewe mwenyewe kwa kipimo. Shokola nyeusi na krimu sawa kwa sawa kwa mizani, unapata sosi inayomwagika ikiwa vuguvugu na kukaa laini ikipoa. Shokola mara mbili ya krimu, unapata kitu kinachopakwa kwa kisu na kusimama kwenye ukuta wa gato bila kuteremka. Hicho ndicho cha kwako. Ukitumia shokola ya maziwa, weka mara tatu ya krimu, kwa kuwa kakao iliyomo ni kidogo, na kakao ndiyo inayokaza. Nyeupe pia mara tatu.

Kwa gato ya sentimita 20 hadi 22, gramu 400 za shokola nyeusi na mililita 200 za krimu zinatosha kufunika tabaka moja. Najua utasema krimu ni ghali, na ni kweli. Badala yake tumia maziwa na siagi: kila mililita 100 za krimu, weka mililita 60 za maziwa yasiyopunguzwa mafuta na gramu 40 za siagi halisi isiyo na chumvi. Mafuta yanafika karibu sawa na ya krimu, asilimia 35 hivi. Maziwa ya Masisi ni mazuri sana kwa kazi hii, ila yachemshe kabisa kwanza. Kwa gramu 400 za shokola, basi, ni mililita 120 za maziwa na gramu 80 za siagi.

Chemsha maziwa pamoja na siagi mpaka yaanze kupanda, mwaga juu ya shokola iliyokatwa ndogondogo, acha dakika mbili. Anza kukoroga katikati, duara dogo, mpaka uone kiini cheusi kinachong'aa, halafu panua duara kidogokidogo. Usipige kwa nguvu, utaingiza hewa. Ikionekana imekatika, mafuta yanaelea pembeni kama mchuzi uliolala, tia kijiko kimoja cha maziwa vuguvugu na ukoroge tena kutoka katikati. Mara nyingi inarudi.

Halafu sasa, subiri. Hii ndiyo sehemu ambayo video za kwenye simu huikata. Ganashi ikiwa ya moto ni maji tu. Ukiimwaga wakati huo itateleza kama shokola yako ilivyoteleza, na utadhani kipimo kimekudanganya. Mafuta ya kakao yanataka muda ili yashikane tena. Funika kwa karatasi ya plastiki iguse uso wake, iache mezani. Kwa hali ya hewa ya Goma, nyuzi 20 hivi, itachukua saa nne hadi sita, na mimi napenda kuiandaa jioni niipake asubuhi. Iko tayari pale unapochota kwa kijiko, ukageuza kijiko chini juu, na ganashi haidondoki; ukiigusa inafanana na siagi ya karanga. Ikigandamana zaidi ya hapo, weka bakuli juu ya maji ya moto kwa sekunde chache tu, koroga, angalia. Usiiharakishe kwa kuiweka kwenye firigo. Pembeni zitaganda na katikati itabaki laini, na ukikoroga utapata madonge.

Ukitaka yale machozi ya shokola yanayoteremka pembeni ya gato, tumia ile ya sawa kwa sawa, iache ipoe mpaka isikuchome wala isikupoze kidoleni, na gato yenyewe iwe ya baridi. Shokola ikikutana na ukuta wa baridi inaganda njiani kabla haijafika kwenye sahani. Jaribu tone moja kwanza nyuma ya gato, pale mteja hatapaangalia.

Kama mteja hana pesa ya ganashi, kuna njia ya bei ndogo ambayo naipa heshima yake: krimu ya siagi na kakao. Gramu 150 za siagi laini, gramu 250 za sukari ya unga, gramu 60 za kakao ya unga iliyochekechwa, vijiko vitatu vya maziwa. Piga mpaka ipauke kidogo na kuwa laini. Hapo kakao na sukari ndivyo vinavyoleta unzito, na maziwa unayatia kwa kuangalia. Haina ile ladha ndefu ya shokola halisi, lakini inasimama, inapakika, na haikuletei presha.

Iko pia njia ambayo watu hawaiamini mpaka waione. Hervé This, mkemia wa Ufaransa, alionyesha kwamba shokola nyeusi na maji matupu vinaweza kupigwa vikawa kama krimu ya kupiga. Yeyusha gramu 200 za shokola ya asilimia 70 ndani ya mililita 180 za maji, yote pamoja, kwa moto mdogo, mpaka ziungane. Weka bakuli juu ya barafu na upige kwa mchapo, kile chombo cha kupigia mayai. Kwa dakika mbili tatu hakuna kitu, halafu inaanza kushika alama za mchapo, na hapo usiondoe macho. Ikifika laini, acha mara moja. Ukizidisha inakuwa chembechembe. Ikiwa hivyo, yeyusha tena uanze upya, hujapoteza kitu. Ikikataa kuwa nzito, ina maji mengi: yeyusha, ongeza shokola. Kwa vikombe vya kitindamlo cha arusi, bila krimu hata tone, hii ni baraka.

Na maizena? Ina mahali pake: sosi ya moto ya kumwagia ndizi au ya kulia na beinye (maandazi). Koroga kijiko kikubwa kimoja cha maizena na maziwa baridi kidogo, ongeza maziwa mengine yafike mililita 250, sukari vijiko viwili, weka motoni ukikoroga mpaka ichemke na ladha ya unga iishe, kama dakika moja. Shusha, ndipo utie gramu 100 za shokola. Kwa mpangilio huo maizena inapikwa kwenye maji ya maziwa, na shokola inakuja mwisho, moto ukiwa umeshapungua.

Ukitaka kuandika jina la bwana na bibi arusi juu ya gato, kuna ujanja mdogo: lile kosa lako la maziwa, lifanye kwa makusudi na kwa adabu. Kwenye gramu 100 za shokola iliyoyeyuka dondosha maji tone moja, koroga, tone jingine, koroga. Baada ya matone machache utaona inaacha kutiririka, mstari unabaki mahali ulipouchora. Simama hapohapo, ijaze kwenye koni ya karatasi, andika upesi.

Bonbon ni habari nyingine, na hapa nakuomba usahau kabisa neno kuongeza. Ganda la bonbon linalokatika kwa mlio na kung'aa halitiwi kitu. Ugumu wake unatoka kwenye namna mafuta ya kakao yanavyojipanga yakipoa. Mafuta haya yanaweza kuganda kwa fuwele za aina sita, na moja tu, ya tano, ndiyo inayotoa mng'ao, mlio, na kuyeyuka mdomoni badala ya mkononi. Ukiyeyusha shokola na kuiacha ipoe ovyo, zinajipanga zile dhaifu: ganda linabaki laini, linashika kwenye kibati, na baada ya siku chache linapata ukungu mweupe. Watu wanadhani limeoza. Ni mafuta yaliyopanda juu, halidhuru mtu, lakini mteja hatalinunua.

Kuipanga upya ndiko kunaitwa temperaji. Njia rahisi nyumbani: yeyusha theluthi mbili ya shokola nyeusi ifike nyuzi 45 hadi 50. Itoe kwenye mvuke, tia theluthi iliyobaki ikiwa imekatwa ndogondogo, na ukoroge polepole mpaka ishuke kwenye nyuzi 31 au 32. Zile vipande ngumu zinabeba fuwele nzuri, na nyingine zinajifunza kwao. Ya maziwa ishuke mpaka 29 au 30, nyeupe 28 au 29. Utaona yenyewe inakuwa nzito kidogo, bila kuongezewa chochote. Kama huna kipimajoto, gusa tone chini ya mdomo wako: nyuzi 32 ziko chini kidogo ya joto la ngozi, utasikia ubaridi mdogo sana. Kisha chovya ncha ya kisu, kiache mezani. Ikiganda kwa dakika tano na kung'aa, anza kazi. Ikibaki na michirizi, ongeza vipande vichache, koroga tena. Nunua kipimajoto ukiuza bonbon za kwanza; mdomo unasaidia, lakini unachoka.

Hapa una bahati ambayo mwenzako wa Lubumbashi mwezi wa 10 hana. Kule joto linapanda kupita nyuzi 30, na shokola iliyotemperwa vizuri bado inalegea mezani. Goma chumba kizuri kina baridi ya kutosha, bonbon zinaganda zenyewe. Usizilaze kwenye firigo bila kufunga. Zikitoka zinatokwa jasho, maji yanayeyusha sukari ya juu, na ikikauka inabaki kama chokaa.

Kama temperaji inakutisha kwa sasa, anza na bonbon za kuviringisha, kwa mtindo wa Brazili. Kopo moja la maziwa mazito yenye sukari, la gramu 397 au karibu, vijiko vikubwa vitatu vya kakao, kijiko kikubwa cha siagi. Pika kwa moto mdogo ukikoroga bila kuacha mpaka ukipitisha mwiko uone chini ya sufuria, na mchanganyiko ujitenge kwa ukuta. Poza, paka siagi mikononi, viringisha, gaagaza kwenye kakao au karanga zilizosagwa. Mtaji mdogo, na kosa lake linarekebishika. Ukija kupika karameli kwa kufuata kipimajoto na maelezo ya nchi za pwani, toa nyuzi 5 kwenye kila namba, kwa sababu ya urefu wetu. Ukiandikiwa 115, wewe simama kwenye 110, la sivyo utapata jiwe.

Neno la kununua: soma pakiti. Ikiandika siagi ya kakao, yote niliyosema yanafanya kazi. Ikiandika mafuta ya mimea au ya mbegu za mchikichi badala yake, hiyo ni shokola ya kufunikia, haihitaji temperaji, inaganda yenyewe, ni rahisi kwa anayeanza ila mdomoni inabaki kama nta. Siilaani, lakini mwambie mteja unachomuuzia. Shokola ya kupaka mkate ya kwenye chupa haifai kabisa, mafuta yake hayagandi. Na ukiweza, jaribu shokola inayotengenezwa kwa kakao ya Kivu Kaskazini kwetu. Kakao ya Beni na ya Ituri inasafiri mbali kupewa jina na watu wengine, na inanifurahisha kuiona ikirudi mezani mwa arusi za Goma.

Ganashi yenye maziwa isikae mezani zaidi ya siku moja baada ya kupakwa, na kwenye firigo isipite siku nne. Umeme ukikatika usiku kucha, hesabu muda huo kama wa mezani, na usitegemee kuionja tu, kwa kuwa chakula kilichoharibika si lazima kiwe chachu: ukiwa na mashaka, usiiuze. Bonbon zenye karanga ziandike wazi kwenye pakiti, kuna watoto ambao karanga zinaweza kuwafunga pumzi.

Yako mambo ambayo siwezi kuyatibu kwa maandishi. Kama umefuata kila kitu na shokola bado inashikana kila mara, chukua kipande cha tablet na pakiti yake, nenda kwa mpishi wa patiseri unayemwamini, uiyeyushe mbele yake. Mara nyingi kosa liko mkononi au kwenye pakiti, na jicho la pili linaliona kwa dakika tano. Ukitaka kupeleka bonbon madukani zikae wiki kadhaa, usikadirie muda wake peke yako, ulizia kwanza OCC, ofisi ya serikali ya kukagua bidhaa, wanachotaka kwenye upimaji na kwenye lebo. Na ukiunguzwa na karameli, usipake siagi wala dawa ya meno: weka mkono kwenye maji safi yanayotiririka dakika 20, na lengelenge likiwa kubwa au likiwa usoni, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kwa Jumamosi ijayo, mama, fanya kwanza nusu kipimo: gramu 200 za shokola nyeusi, mililita 60 za maziwa, gramu 40 za siagi. Iandae Ijumaa jioni, uipake asubuhi kwenye gato ndogo ya nyumbani, watoto wakiwa ndio wateja.